Mfunga maboksi anayezichambua sentensi

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, kengele ya mapumziko inalia katika ghala la vifurushi. Wenzake wanakimbilia chai. Mama Gundi, jina alilopachikwa katika miaka tisa ya kufunga maboksi, anakimbilia kompyuta yake ya mitumba. Vitufe viwili vimeng'oka. Anabonyeza mashimo yake kwa ncha ya kalamu.

"Dada, chai inapoa!" anaita mpima mizigo, bwana mwembamba wanayemwita Kijiti.

"Iache ipoe. Leo ama zangu ama zao!"

Hatanii. Programu aliyoiunda inajaribiwa kwa mara ya tatu, na ya mwisho. Ikizichambua sawasawa sentensi zote elfu moja, ndiyo itakayosahihisha mazoezi ya wanafunzi wa lugha moja ya kubuni, iliyotungwa kwa kanuni za mantiki ili sentensi isibebe maana mbili. Ikishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Katika lugha hiyo, kila fungu la maneno lina neno lake la kulifunga. Lakini wasemaji huruhusiwa kuliacha pale lisipohitajika. Hapo ndipo programu ilipokuwa ikikwama. Mwezi uliopita sentensi arobaini na moja ziliishinda.

"Nililia chooni," anasema. "Nikarudi kufunga maboksi kwa hasira."

Akamkuta Kijiti anavipiga utepe vijiboksi vitatu vilivyokwisha kupangwa ndani ya boksi kubwa.

"Nikamfokea: we bwana, utautafuna utepe wote? Funga la nje, vya ndani vitatorokea wapi?" Anacheka mpaka anafuta machozi. "Maneno yakanirudia mwenyewe."

Jioni hiyo aliiandika upya programu: fungu la nje likifungwa, yaliyo ndani yahesabiwe yamefungwa, hata kama maneno yake ya kufunga hayakutamkwa.

Sasa namba zinapanda. Mia tisa. Mia tisa tisini. Kijiti amesogea, kikombe mkononi.

Elfu moja. Makosa: sifuri.

Kigelegele cha Mama Gundi kinalijaza ghala zima.

"Chai yangu iko wapi?"

"Nimeinywa, dada. Ada ya mwalimu hiyo!"

Kengele inalia tena. Anarudi mezani na kutangaza kwamba ataandika kitabu cha kuifundisha lugha hiyo kwa Kiswahili, maana yeye aliisoma kwa kuungaunga lugha za watu.

"Nani kasema mantiki haikai kwenye Kiswahili? Sura ya kwanza ninayo tayari," anasema, na kulipiga utepe boksi la nje, mara moja tu.