Tiles za Kamakis Hazikuwa Zimepinda

Eti macho haidanganyi? Nani amekuambia hiyo, Deno? Kaa chini. Umetoka kwa watu wa Kiuu, mtaa wetu wa zamani, na maneno yao, kwamba baba yetu aliharibu kazi yake ya mwisho juu ya pombe, na "kila mtu aliona." Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa hapo. Mimi si mzee, hata ndevu hazijajaa, lakini kwa hii maneno nimezeeka, mdogo wangu. Leo utaniskiza kama mzee.

Baba alikuwa ameacha pombe. Ameacha kabisa. Ukimwekea chupa mbele yake anacheka, "Mimi siku hizi ni mtu wa chai." Akapata kazi ya tiles kwa ploti mpya ya wapangaji huko Kamakis. Mwenye ploti, mama mmoja wa sauti kubwa, alitaka korido ya nyeusi na nyeupe, kila laini ya tiles isukumwe kando kidogo venye mawe ya ukuta hupangwa, na katikati ya laini, mstari mwembamba wa saruji ya kijivu. Baba akapanga hivyo, uzi na pima maji mkononi, mimi nikikoroga saruji.

Tulipopanguza na kusimama mlangoni, Deno, ile sakafu ilikuwa imepinda. Laini moja inapanda, ingine inashuka.

"Ngai! Fundi, umekunywa?" mwenye ploti akasema.

Damu ikanipanda. Nikavuta uzi toka ukuta hadi ukuta. Straight, imenyooka! Akainama, akaona mwenyewe. Nikatoa uzi, na tukiangalia hivyo, ikapinda tena.

"Haya, iko straight," akasema. "Sasa wapangaji wangu watakuwa wakitembea na uzi?"

Baba alichukua nyundo akaanza kuing'oa.

Tukifika Kiuu, maneno ilikuwa imefika kabla yetu. Mama yetu alimshika baba kidevu, akamnusa mdomo mbele ya majirani. Ilikuwa inanuka chai.

"Umetafuna nini ya kuficha, Baba Kevo?"

Baba akachukua beseni ya maji. Baadaye, tukiosha miguu hapo nje, akaniambia kitu inaniuma mpaka leo: "Kevo, hata mimi nikiangalia niliona imepinda. Pengine ni mimi sijakaa sawa."

Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Halikuwepo, Deno. Liliitwa mpaka likaja. Hakupata kazi ingine, pombe ikamrudia, ikamuua, na tukamzika nyumbani Bungoma.

Hapo ndio nilianza kusoma hii kitu ya macho peke yangu, kwa simu. Jicho inaokota mwanga tu. Picha yenyewe inamaliziwa na kichwa, kwa kukisia. Weka nyeusi kando ya nyeupe, weka kijivu nyembamba katikati, kichwa inakosea, inaona mteremko mahali hakuna. Na hata ukishajua, bado utaiona imepinda! Kujua hakuponyi jicho. Hiyo ndio ilinimaliza.

Nilikata katoni, nikaipaka rangi kama ile korido, nikampelekea mama. Akaweka rula, akatoa. Akaweka, akatoa. Alafu akaifunika na leso yake, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumuuliza kitu.

Kwa hivyo shika hii, mdogo wangu. Ukiona mtu wako amepinda, usimnuse mdomo mbele ya watu. Pima kwanza. Na ukipima ukapata yuko sawa, simama na yeye, hata kama macho yako yenyewe bado inamkataa. Mungu akupatie macho mazuri, na akupatie moyo wa kuyauliza maswali. Akukinge na midomo ya majirani, na asikufanye wewe kuwa mmoja wao.

Sasa niambie. Kesho ukirudi Kiuu, na waseme tena baba alikuwa amelewa, uzi yako iko wapi?