Kura Tatu za Mdogo Wangu

Tulipomzika mdogo wangu, watu wa kanisa waliniomba niseme maneno machache kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikasema alikuwa mtu wa kusoma na mpenda utaratibu, nikakaa. Sikusema uongo. Lakini niliyoyaacha ni mengi kuliko niliyoyasema, na kwa kuwa sasa hayupo wa kuyasikia, nayaandika.

Miaka ile ya hamsini tulikaa kwenye landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pamoja na wengine waliotoka magharibi kama sisi. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja. Mimi niliondoa majivu kwenye injini. Yeye alikuwa karani wa mizigo. Ngano, pareto, viazi vya Dundori, vyote vilipita chini ya kalamu yake. Baba yetu aliweza kumlipia karo mtoto mmoja tu. Mimi nilitolewa darasa la tatu nikachunge ng'ombe, yeye akaendelea. Sikuulizwa, wala yeye hakuulizwa. Nililijua hilo vizuri, lakini kulijua hakukunisaidia.

Kila Jumapili baada ya ibada wanaume walikusanyika mlangoni pake. Bwana stesheni alikuwa akimpa gazeti la Kiingereza akishalisoma, na mdogo wangu alitusomea kwa Kiswahili. Alisoma kwanza yaliyoandikwa, halafu akalikunja gazeti na kuliweka magotini. Hapo tulijua kwamba yanayofuata ni yake mwenyewe. Hakuchanganya mambo hayo mawili hata siku moja.

Maoni yake hayakuwa ya kushangiliwa. Wengine walitaka uhuru upesi, yeye alisema kwanza shule, kwanza mtu awe na hati ya shamba lake, kisha mengine. "Treni ya mizigo ikishuka kutoka milima ya Mau bila breki," alisema, "itafika chini mapema kweli. Lakini mtaokota ngano siku nyingi."

Jirani yetu mmoja, mchochea makaa mwenye maneno makali, aliyempachika jina la Mwalimu, alimuuliza, "Mwalimu, ukipewa uhuru kesho utaurudisha?"

"Sitaurudisha, mzee. Nitauliza tu breki iko wapi."

Walicheka, kisha wakanyamaza wasikie zaidi. Kunyamaza kule ndiko kulikoniuma. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza kusema, na mdogo husubiri. Pale mlangoni walimsubiri yeye. Nikitia neno langu waliitikia "ni kweli, ni kweli" kwa heshima, halafu wakamgeukia tena. Hata nyumbani sikupona. Mke wangu akisonga ugali aliniambia, "Shemeji anasema Warusi hawampi mtu kitu bure." Mimi nilikuwa na maoni yangu juu ya Warusi. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Miezi ile ya ugomvi wa Mfereji wa Suez, mke wangu alichinja kuku Jumapili moja, akamwalika mdogo wangu. Mtu yeyote wa kwetu anajua firigisi ya kuku ni ya nani. Ni ya mkubwa wa nyumba, na mtoto anayeigusa hupigwa. Mke wangu alipakua huku akisikiliza habari za mfereji, na firigisi akaiweka kwenye sahani ya mdogo wangu. Sidhani alikusudia. Mdogo wangu alikuwa akieleza kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba mtu akiuchoka arudi mezani na mwenzake, asiuchane. Akaichukua firigisi bila kuitazama, akaila, akaendelea kusema.

Nilingoja mmoja wao ashtuke. Hakuna aliyeshtuka. Nikala bawa langu.

Ni wakati huohuo serikali ilipotangaza kwamba Waafrika watachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Lakini kura hazikuwa sawa. Mtu alipimwa kwa elimu, kwa kipato, kwa utumishi wa muda mrefu na kadhalika, na aliyetimiza mengi aliweza kupata hadi kura tatu. Mimi nilistahili moja, kwa ajili ya miaka yangu ya majivu. Mdogo wangu alistahili tatu.

Watu wengi walikasirika, naye akautetea mpango ule mbele yao wote. "Kura ni ufunguo wa ghala," alisema. "Mwenye kuijua ghala ndiye anayekabidhiwa kwanza. Wengine watafuata."

"Kwa hiyo wewe ni watu watatu?" akauliza mchochea makaa.

"Ni mtu mmoja aliyesoma, akafanya kazi, akaweka akiba."

"Basi siku ukifa tutakuchimbia makaburi matatu."

Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Mdogo wangu akanitazama kidogo, akatabasamu, akadhani namcheka mchochea makaa.

Kabla hajajiandikisha, alitumwa kwenye stesheni ndogo huko juu, njia ya kwenda Molo, kushika nafasi ya karani mgonjwa. Alijaza fomu yake, akaitia ndani ya bahasha pamoja na barua ya bwana stesheni, akaniletea.

"Kaka, nipelekee hii ofisini kabla hawajafunga. Nimesema na karani wa pale, amekubali uipeleke wewe."

"Nitaipeleka."

"Nisingempa mtu mwingine," akasema.

Bahasha ilikaa katika mfuko wa koti langu siku tatu. Siku ya mwisho ya kujiandikisha nilikwenda ofisini, nikapanga mstari, nikajiandikisha mwenyewe. Karani aliniuliza kama nina jambo jingine. Nikasema sina. Sikuwa nimelipanga. Nilisikia mdomo wangu ukisema hivyo, na mwili mzima ukawa mwepesi. Jioni nikaitia bahasha ndani ya jiko, chini ya sufuria ya maharagwe. Mke wangu alidhani nawasha moto.

Mdogo wangu aliporudi aliniuliza, "Ilifika?" Nikamjibu, "Ilifika." Hakuuliza mara ya pili.

Siku ya kupiga kura alivaa suti yake ya harusi. Tulipanga mstari pamoja, yeye mbele yangu, nilimpisha makusudi. Karani alipitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akatikisa kichwa. Jina halikuwepo. Mdogo wangu alimwomba atazame tena. Akatazama. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona, lakini mchochea makaa hakunong'ona.

"Mwalimu, serikali yako haikujui."

Mdogo wangu akatoka kwenye mstari. Sauti yake haikupanda. "Karani ni mtu, mzee, na mtu hukosea. Kosa la mtu si kosa la sheria."

Yule karani hakuwa na kosa lolote. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, ningeweza kusema. Jina langu likaitwa, nikaingia.

Nilipotoka alikuwa bado anangoja pembeni na suti yake, ili turudi nyumbani pamoja. Njiani alieleza kwamba bila shaka karatasi zilikuwa nyingi, na kazi ya kwanza haikosi kasoro. Aliwatetea mpaka tukafika landhi.

Jioni mke wangu alipokwenda kuchota maji, mdogo wangu alikuja chumbani kwangu. Alivuta kigoda, akakaa.

"Kaka," akasema, "ilikuwaje mle ndani?"

"Ndani wapi?"

"Mle unapopigia kura."

Nikamwambia kuna meza na pazia. Akauliza pazia la rangi gani. Akauliza kama ni penseli au kalamu, na kama karatasi inakunjwa mara moja au mara mbili, na sanduku lina mdomo mpana kiasi gani. Hakuniuliza nilimpigia nani. Alisema hiyo ni siri ya mtu. Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna ile, sembuse yeye.

Hapo ndipo ningemwambia. Kila neno la kumwambia nilikuwa nalo.

"Na hukuharakishwa?" akauliza.

"Sikuharakishwa," nikasema, ingawa niliharakishwa.

"Hebu nieleze tena. Tangu ulipoingia."

Nikaanza tena tangu mlangoni, polepole, nikaongeza na vitu ambavyo havikuwepo, ili asiondoke upesi.