Muhidini wa Upande wa Nyundo

Mdogo wangu Muhidini alizaliwa Ziwani, katika shamba la mihogo, na kitu cha kwanza alichofundishwa kukichukia duniani kilikuwa ngiri. Baba alimkalisha dunguni kulinda, na debe bovu la kupiga, maana ngiri akiingia shambani hali akashiba akaenda zake. Anafukua, anatafuna kidogo, anatupa, anafukua tena. Kwa hiyo mtu akiniambia Muhidini alizaliwa na mapenzi ya nguruwe, namtazama tu. Mmoja nimewahi kumjibu kwa mwiko.

Jina langu Saumu. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, na nilipoolewa Likombe nikaja naye. Alikuwa kijana mfupi, mpana, mwenye kichwa kigumu na moyo mwepesi. Siku zile Mtwara ilikuwa ikichimbwa kila mahali, bandari huku na reli ya kwenda Nachingwea huku, akapata kazi ya kugongelea misumari ya reli. Ile kazi ilikuwa ya kupigwa. Mnyapara aliwapiga kwa mjeledi, jua liliwapiga, na wakipata mshahara walipigana wenyewe kwa wenyewe. Muhidini alirudi jioni na damu sikioni akasema ameteleza. Baada ya miezi michache wengine ndio waliokuwa wakiteleza, yeye akirudi mzima.

Furaha yake ilikuwa moja. Mhindi mmoja mwenye lori na mashine ya umeme alianza kuonyesha sinema Mikindani baada ya isha, kwenye shuka iliyotundikwa ukutani mwa ghala. Kabla ya picha ya watu zilikuja katuni, na katuni zilikuwa za kampuni mbili. Kiingereza hatukijui, tulizijua kwa alama zao. Moja ilianza kwa taji la dhahabu likishuka mawinguni na vinanda vikilia. Nyingine ilianza kwa nyundo ikigonga chuma, pa, pa, pa, basi.

Ya Taji ilikuwa ya matajiri, hata kipofu angeona. Shujaa wao ni ngamia mdogo mweupe mwenye kope ndefu, kila unywele wake umechorwa, anaimba, anapaa, anaimba tena. Kusema kweli alinichosha. Ya Nyundo ilikuwa ya watu wenye njaa. Wao walikuwa na ngiri mwenye pembe moja ya mdomoni, amechorwa harakaharaka, mara ana miguu minne, mara mitatu. Akikimbia, nyuma yake unapita mti, nyumba, kisima, halafu mti ule ule, nyumba ile ile, kisima kile kile. Lakini alivyokuwa akipigwa! Aliangushiwa kabati, alikanyagwa na gari la moshi akawa bapa kama chapati, akajikung'uta, akachukua nyundo yake, akarudi kwa waliomtenda. Hapo wachukuzi na vibarua wa reli walipiga kelele mpaka kunguru wakaruka.

"Dada, umeuona ule mti?" Muhidini aliniuliza siku moja tukirudi. "Wamechora mmoja tu. Hawana uwezo wa kuchora wa pili. Wanauzungusha, wanauzungusha, na kazi inaendelea. Wale ni wenzetu."

"Wenzako wanachora nguruwe," nikamwambia.

"Wamechora walichonacho," akasema, na alikasirika kweli.

Sasa, Mikindani ya wakati ule haikujua kutazama kitu bila kugawanyika. Wazee wetu waligawanyika kwa ngoma ya beni, kila upande na jenerali wake, kingi wake, yaani mfalme, na nyimbo za kuwatia wenzao aibu. Katuni zilipokuja, watu walizishika pale pale walipokuwa wameishika beni. Watu wa mji, wenye kanzu na mashua, wakawa Taji. Sisi wa mashamba, Wamakonde, Wamakua na Wayao wa kambi za reli, tukawa Nyundo. Muhidini akafanywa jenerali wetu. Jenerali wa Taji alikuwa Rashidi, na hapo ndipo balaa ilipotutafuta, maana Muhidini alikuwa amemchumbia Mwanaamina, dada yake Rashidi. Baba yao alikuwa marehemu, kwa hiyo Rashidi ndiye walii. Bila kinywa chake hakuna ndoa.

Na kinywa alikuwa nacho. Nimesikia waimbaji wengi, lakini Rashidi alitunga papo kwa papo, mtu hajafunga mdomo yeye keshamtia kwenye ubeti. Kila wiki, nyundo ikionekana kwenye shuka, alisimama na kanzu yake nyeupe akatutungia. Wimbo uliotuchoma ulikuwa huu:

Bara wanaye imamu, mkia wake u wima,
Rukuu yake ni ngumu, mihogo anailima.

Ua mzima wa ghala ulicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Muhidini hakucheka. Kuitwa mshamba angevumilia, lakini kuambiwa anasali nyuma ya nguruwe, na shemeji mtarajiwa, hilo lilimkaa kooni.

Kesho yake Rashidi alikuja nyumbani kwangu, mpole, mwenye adabu zote. "Dada Saumu, mwambie mdogo wako aache mambo ya Nyundo. Mimi namwoza dada yangu kwa mtu. Siozi kwa ngiri."

Nilipomfikishia Muhidini aliruka. "Nikiacha kwa kutishwa, nitamwoa nikiwa nani?"

Wakapatana kama watu wa ngoma wapatanavyo. Yangefanywa mashindano: katuni moja ya Taji, moja ya Nyundo, na kila upande ulete shangwe yake. Mwenye sinema angeamua nani kashangilia zaidi. Nyundo wakishinda, Rashidi ataozesha huku akiimba. Taji wakishinda, Muhidini ataacha Nyundo ndipo aozeshwe. Vyovyote vile harusi ilikuwepo. Ninapokumbuka hilo natamani kupiga mtu.

Siku ya siku Taji walikuja na taji la shaba juu ya mto wa hariri, tarumbeta mbele, wanawake wamevaa kanga sare. Sisi tulikuwa na ngoma zetu na nyundo za reli zilizofungwa vitambaa vyekundu. Katuni yao ilipita, wakashangilia vizuri. Kisha ikaja yetu, na Muhidini akapiga mluzi.

Mzee Chilumba akaingia kutoka gizani. Huyu alikuwa mwindaji wa kule juu, Mmakonde asiye Mwislamu, rafiki wa marehemu baba. Mabegani kabeba mti mrefu, na kwenye ncha ya mti kachomeka kichwa cha ngiri, kibichi, ulimi nje. Muhidini hakukigusa, na alikuwa amewakataza Waislamu wenzake wasikiguse. Alidhani hilo linatosha. Kwenye ngoma kila upande huleta alama yake, na ndani ya ngoma hakuna tusi. Ndivyo tulivyolelewa. Kama wao wameleta taji la kweli, sisi tutaleta ngiri wa kweli.

"Huyu nguluwe kala mihogo yangu mwaka nzima!" Mzee Chilumba alipaza sauti, akicheka, akiuyumbisha ule mti juu ya vichwa vya watu. "Leo aje aone sinema!"

Watu wa Nyundo walipagawa. Wale wa Taji waliinuka wakikimbia matone ya damu. Mti ukagonga kamba ya shuka, kichwa kikachomoka, kikamwangukia Rashidi kifuani, kikateremka mpaka mapajani.

Damu ya nguruwe ni najisi ya kuoshwa mara saba, na moja kwa udongo. Ilikuwa kwenye kanzu yake, kwenye ndevu zake, mdomoni. Alitema. Alijitazama. Halafu alichukua bakora yake akampiga Mzee Chilumba usoni, jicho likapasuka pale pale. Muhidini alijitia katikati akisema, "Shemeji, shemeji, ni ngoma!" Bakora ya pili ilimpata yeye mdomoni. Alitema meno mawili.

Hapo ua wote ulilipuka. Sijawahi kuona watu wakipigana vile na naomba nisione tena. Walipigana kwa viti, kwa mawe, kwa tarumbeta. Muuza samaki alimwagia watu sufuria la mafuta ya moto, mwanamke mmoja ngozi ya mkono ikabanduka kama ganda la muhogo. Mtu aliuma sikio la mwenzake akalitoa. Kamba ya shuka ilikatika, na mashine ilikuwa bado inazunguka, kwa hiyo ngiri alikuwa anakimbia juu ya migongo ya watu, juu ya kanzu, juu ya nyuso zenye damu, na mti ule ule na nyumba ile ile vikipita. Nilimwita mdogo wangu mpaka sauti ikakauka.

Nilimwona alipookota mpini wa nyundo. Rashidi alikuwa amempa kisogo, anajipangusa mdomo kwa mchanga, anajipangusa, anajipangusa. Muhidini aliunyanyua mpini kwa mikono miwili, kama alivyozoea kugongelea msumari, akamshushia kichwani. Pigo moja. Rashidi akaketi chini taratibu, kama mtu aliyekaribishwa mkekani, kisha akalala.

"Inuka," Muhidini alimwambia. "Inuka, shemeji." Damu ilikuwa ikimtoka Rashidi sikioni.

Askari walipokuja kuuliza, hakuna aliyeona kitu. Mama yake Rashidi mwenyewe alisema mwanawe ameanguka. Kwetu ya ngoma huishia ngomani, hayapelekwi bomani, na hapo mjue uzuri wa desturi na ubaya wake. Kwa kuwa Muhidini hakushtakiwa, vijana wa Taji walimvizia njia ya Likombe wakamvunja mkono wa kushoto. Waliompiga waliniambia wenyewe kwamba hakuinua hata kidole.

Rashidi hakufa. Alilala hospitali muda mrefu, akarudi anaburuza mguu, mkono mmoja umelegea, na maneno yamemtoka. Yule aliyekuwa akitunga ubeti mtu hajafunga mdomo sasa alikuwa akisema maji, mama, hapana. Akitaka chumvi alisema maji. Akitaka kwenda nje alisema mama, kisha analia kwa hasira akijipiga kofi.

Tulijua posa imekufa. Muhidini hakutoka ndani, hakula, wala kazini hakwenda. Majuto ni mjukuu, walisema majirani, na mimi nikawafungia mlango.

Mwanaamina alikuja adhuhuri, peke yake, na buibui lake.

"Shikamoo wifi," aliniambia.

"Marahaba, mwanangu." Bado aliniita wifi.

Alimtazama Muhidini aliyekuwa kaketi mkekani na mkono uliofungwa. "Ulimpiga kwa mkono gani?"

"Yote miwili."

"Mmoja umeshavunjwa. Huo mwingine ndio mahari yangu. Utamlisha kaka yangu kwa mkono huo. Utamwogesha, utamvalisha, utampeleka msikitini, mpaka afe yeye au ufe wewe. Mama yangu mzee, hawezi kumbeba. Aliyemvunja atamlea."

Muhidini alilia kwa sauti kama mtoto. "Nimekubali," alisema.

"Bado. Ami yangu amejitolea kuniozesha, na sheikh amesema inafaa. Mimi sitaki ami, wala kadhi. Kaka Rashidi ataniozesha kwa kinywa chake. Akishindwa, sitaolewa na wewe wala na mtu mwingine."

Basi kukawa na kazi mpya. Kila siku Muhidini alikwenda Mikindani, na vijana wa Taji wakamtemea mate njiani, naye akapita. Alikaa miguuni pa Rashidi akimfundisha maneno aliyoyaua mwenyewe. Nimekuoza. Dada yangu. Kwa mahari mliyopatana. Siku za mwanzo Rashidi alimpiga kwa mkono mzima, usoni, na Muhidini aliusubiri mkono ushuke kisha akaanza tena: nimekuoza. Mvua za masika zilikuja zikaisha, mikorosho ikachanua, na siku moja Rashidi aliyasema yote, kwa vipande, jasho likimtiririka. Mama yake alipiga kigelegele kimoja akazimia.

Ndoa ikafungwa kwao, sebuleni. Wanaume walijaa mpaka barazani, Taji upande wao, Nyundo upande wao, bila ngoma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na Mwanaamina, nimemshika bega. Pazia lilikuwa jepesi, tuliona vivuli vyao na kusikia kila pumzi. Sheikh aliwashikanisha mikono, Rashidi na Muhidini, akasoma khutba, kisha akasema, "Haya, Rashidi, sema."

"Ni-me-ku-oza," Rashidi alisema. "Da-da. Yangu."

Akanyamaza.

Tulingoja. Sheikh alisema kwa upole, "Mtaje, baba." Rashidi alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama dari, akatazama mikono yao. Nilielewa kabla ya wengine: miezi yote ile walijifunza dada yangu, dada yangu, kwa kuwa nani alidhani jina la dada linahitaji kufundishwa?

"Dada yangu," alisema tena, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza. Akamgeukia Muhidini. Alimwomba yeye. Hakumwomba mama yake wala sheikh.

Muhidini akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Mwana," Rashidi akarudia, "amina." Akatabasamu, kama anayelisikia jina zuri kwa mara ya kwanza. "Kwa mahari. Mliyopatana."

"Nimekubali," mdogo wangu alisema, na hakuna aliyemsikia vizuri.

Mwanaamina hakuwa amelia siku ya damu, wala siku alipokuja kwangu kudai mahari. Bega lake lilikakamaa mkononi mwangu.

"Wifi," aliniambia, "kaka yangu hanijui."

Nje walikuwa wanangoja vigelegele. Mimi ndiye niliyeagizwa kuvianza, nikavianza.