Ad-lib Yangu Mbele ya Chifu

Sentensi mbili tu nilizisema kwa stage, na polisi wakaja shuleni. Lakini si mimi walibeba.

Ilikuwa 1984 huku Tseikuru, ile njaa tuliita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika pesa. Mahindi ya manjano ya msaada yalikuwa yanaletwa kwa chifu. Kwetu hata punje hatukuona. Ndugu yangu mdogo, Kiema, alikuwa amevimba miguu.

Mwalimu Musembi ndiye alikuwa wa drama. Alitufundisha neno ad-lib.

"Ni maneno yako mwenyewe, hayako kwa script," alisema. "Ukikwama unajaza, halafu unarudi haraka. Umeshika, Ndinda?"

"Ndiyo, mwalimu."

Siku ya wazazi nilicheza mama wa watoto wengi. Chifu alikuwa kiti cha mbele, tumbo limejaa, anacheka. Mstari wangu ulikuwa, "Asante chifu, watoto wameshiba."

Nikaona mama yangu kule nyuma, amebeba Kiema mgongoni. Haki, ule mstari ulikataa kutoka.

Nikasema, "Chifu, mahindi yetu umeuza mjini Mwingi. Mtoto wangu anakufa."

Nyanya mmoja akaitikia, "Ni w'o!" Ni kweli! Wazazi wote wakaanza kupiga kelele. Chifu akatoka bila kuaga.

Jioni askari wawili walikuwa ofisini kwa headmaster.

"Wewe msichana, nani alikutuma?"

Nikafungua mdomo. Mwalimu Musembi akanitangulia.

"Afande, huyu ni wa kukariri tu. Maneno yote niliandika mimi."

"Hata ya chifu?"

"Hayo ndiyo niliandika kwanza."

Uongo mtupu! Nilitaka kusema, lakini akanikazia macho vile alikuwa anafanya kwa mazoezi, mtu akitoka nje ya script. Wakamfunga pingu.

Wiki hiyo mahindi yaligawiwa, kila boma. Kiema alipona.

Mwalimu hakurudi. Mama yake alizunguka vituo vyote mpaka akachoka, na mpaka anakufa hakuonyeshwa hata kaburi.

Kiema sasa ana kijana, anaitwa Musembi. Mimi nikimwita jina, naona zile pingu.

Waungwana, semeni ukweli. Lakini jueni kuna mtu anaweza kuulipia, na huenda msipate nafasi ya kumwambia asante.