Mkanda wa Ng'ombe wa Chwale

Ngwali bin Pandu aliingia katika kazi ya sinema akiwa na kiti kichwani. Jengo la Mzee Walji pale Chake Chake lilikuwa ghala la karafuu kabla ya kuwa sinema, na wiki lilipofunguliwa viti havikutosha, ndipo wakaajiriwa watu wa Wawi kuazima viti majumbani na kuvirudisha. Wenzake walivirudisha wakaenda zao. Ngwali akabaki. Alikata tiketi miaka mitatu, akaendesha mashine miaka saba, na kufikia 1958 yeye ndiye aliyekuwa meneja. Alichagua picha za kuletwa kutoka Unguja, aliandika mabango kwa mkono wake, na ndiye aliyemshawishi mzee atenge Jumatano alasiri iwe zanana, onyesho la wanawake peke yao, ambalo mwanamume haingii isipokuwa yeye mwenyewe, juu katika chumba cha mashine.

Kutoka chumba hicho alikuwa amewaona watu wa Pemba wakiwalilia watu wa Bombay na wa Kairo. Alitaka siku moja wajione wenyewe. Mwaka 1960 akanunua kamera kuukuu kwa bwana afya aliyekuwa akirudi kwao, kamera ya kutia ufunguo kama saa, yenye kelele kama cherehani. Februari iliyofuata akaipeleka Chwale kwenye mchezo wa ng'ombe, fahali kuchokozwa uwanjani wanawake wakiimba.

Ulikuwa wakati mbaya wa kumwelekezea mtu kamera. Uchaguzi wa Januari ulikuwa umekwisha bila ya mshindi, mwingine ukingojewa Juni, na siasa ilikuwa imefika mpaka jikoni. Mtu wa chama hiki hakununua chumvi dukani kwa mtu wa chama kile. Watu walisusiana harusi, wakasusiana na maziko. Hija bin Nyange, seremala wa Wawi, alikuwa amemwambia mkewe Mwanapili mbele ya mashahidi wawili: "Ukimsemesha dada yako Kazija, umeachika." Kosa la Kazija lilikuwa kuolewa upande wa pili. Na kwa kuwa Hija alikwisha kutoa talaka mbili miaka ya nyuma akamrejea mkewe, hii ingekuwa ya tatu, isiyo na marejeo.

Wawi nzima ililijua sharti hilo. Ngwali, jirani yao, alilijua pia, lakini pale uwanjani furaha ya kazi ilimsahaulisha. Alipiga picha za fahali, akapiga za wacheza ng'ombe, kisha akaigeuza kamera upande wa wanawake waliokuwa wakiimba.

Mkanda ulipelekwa Nairobi kusafishwa. Wiki tano ulipokuwa huko, maneno yalizaa maneno. Wengine walisema Ngwali ameupeleka Serikalini ili ijulikane nani alikaa na nani. Wengine walisema ameutuma kwa chama, bila ya kutaja kipi. Watu waliozoea kumsalimu kwa mkono sasa walimsalimu kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa kwapani mwake, kutazama amebeba nini.

"Bwana Ngwali," Mzee Walji alimwambia, "mimi nauza tiketi. Sitaki picha ya kuvunjiwa viti."

"Ni ng'ombe tu, Mzee Walji."

"Ng'ombe hana chama, najua. Mwenye ng'ombe je?"

Siku chache baadaye Hija alipita sinema akiwa na futi ya seremala mfukoni. Hakukaa.

"Yakhe Ngwali, hiyo picha yako inasema?"

"Haisemi. Ni bubu."

"Na midomo? Inaonekana?"

Ngwali alijibu kwamba kwa umbali ule hadhani. Hija alimtazama kama mtu anayetazama ubao uliopinda, akaenda zake.

Mkanda ulipowasili, Mzee Walji akakubali uonyeshwe Jumamosi. Ngwali alifunga mlango wa sinema akautazama kwanza peke yake. Ulikuwa mzuri kuliko alivyotumaini. Vumbi lilionekana, pembe zilionekana, na baada ya dakika nne wakatokea wanawake, mabuibui yameshuka mabegani, wanaimba na kupiga makofi. Katikati yao alikuwa Mwanapili. Alikuwa ameinama kwenye sikio la mwanamke wa kando yake, mdomo ukicheza. Mwanamke yule akageuka akicheka. Alikuwa Kazija.

Ngwali aliurudisha nyuma mara sita. Labda alikuwa akiimba, kwani wote waliimba. Lakini nani humwimbia mtu sikioni? Kila aliporudia, aliamini jambo jingine.

Jumatano, zanana ilipokwisha, Mwanapili alibaki chini ya ngazi ya chumba cha mashine.

"Kaka Ngwali, umenipiga?"

"Umo, Bi Mwanapili."

"Na nani?"

Ngwali alitazama kwanza kama mlangoni hapana mtu. Mwanapili alishika ukingo wa ngazi.

"Mume wangu atakuja Jumamosi kukaa kiti cha mbele. Ananipenda, lakini akiona atafuata neno lake, kwa sababu alilisema mbele ya watu."

"Ulimsemesha?"

"Hilo ni langu na Mungu wangu. Weye unajua ulichokiona tu."

Ngwali alikaa na jibu hilo siku mbili. Alimshuku kwamba anaficha, kisha akajishuku mwenyewe kwamba anatafuta sababu ya kuulinda mkanda wake. Kile kipande cha wanawake ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote, na nakala ilikuwa moja tu. Angemkata Mwanapili peke yake, picha ingeruka pale pale alipo na kila mtu angejua. Ijumaa baada ya sala alichukua mkasi akaondoa wanawake wote, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Alijiona amepata dawa.

Jumamosi saa kumi wanaume walijaa, wa chama hiki mkono wa kulia, wa chama kile mkono wa kushoto. Walipomwona fahali wa kwanza wakacheka, wakaitana majina, wakasahau pande zao. Fahali akaruka, akaruka tena, kisha, pale mkasi ulipopita, vumbi likatulia ghafla na jua likawa limehamia upande mwingine wa uwanja. Mkanda ukaisha.

 Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Wanawake wako wapi?"

"Labda walikwenda teka maji," mwingine akasema.

"Wote? Fahali wa Chwale acheze bila ya kuimbiwa? Fahali mwenyewe asingekubali."

Watu walicheka kidogo, kisha hawakucheka tena. Ngwali, juu katika chumba chake, alielewa alichokifanya. Hakuna mtu katika kisiwa kile ambaye angeamini mchezo wa ng'ombe usio na wanawake. Alikuwa amemficha mke wa mtu mmoja, na sasa kila mume mle ndani alikuwa akijiuliza mkewe amefichiwa nini.

Hija alipanda ngazi. Mkononi alikuwa na msahafu uliofungwa kitambaa cha kijani. Alikuja nao tangu nyumbani. Nyuma yake walisimama wale mashahidi wawili.

"Sitaki kukiona kipande," alisema. "Nataka uape. Apa kwamba hukumsikia mke wangu akimsemesha Kazija."

Ngwali alitawadha, akaweka mkono, akaapa. Ilikuwa kweli. Kule Chwale alisimama hatua thelathini kutoka walipokuwa, na kelele za kamera zilikuwa sikioni mwake. Hija aligeuka akawaambia mashahidi, "Mmesikia," akashuka. Ngwali alibaki akijiuliza kwa nini seremala, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, alimwapisha kwa alichosikia wala hakumuuliza alichoona.

Ndoa ya Mwanapili haikuvunjika. Ngwali naye hakuacha kazi. Katika miaka miwili iliyofuata alitengeneza mikanda mitatu mingine, wa karafuu zinavyoanikwa, wa msitu kule Makangale na wa barabara ikitengenezwa. Watu ndani yake ni wachache, nao wako mbali, wengi wakionyesha migongo.

Kabla ya hayo, Jumatano ya kwanza baada ya kiapo, Mwanapili alirudi. Safari hii alipanda mpaka juu.

"Nipe kile kipande."

"Nilikichoma, Bi Mwanapili. Nyuma ya jengo, kwa mafuta ya taa."

"Umekichoma."

"Naapa."

"Usiape, kaka. Ulimwapia na Hija."

Mwanapili akakaa juu ya kigoda, akavuta makopo ya mikanda yaliyokuwa rafuni na kuyafungua moja moja. Alizivuta ncha, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama watu wadogo wasiomhusu, akazirudisha. Ngwali alisimama mlangoni, hakumzuia. Makopo yalikuwa kumi na moja. Alipolifunga la mwisho, Mwanapili alijifuta vidole kwa upindo wa kanga.

"Na nyumbani kwako," aliuliza, "huna makopo?"

Alikuwa nayo mawili, ya biskuti, moja mkewe akitilia vifungo. Ngwali akamwambia hana.