Mlio Ambao Fundi Aliusikia Peke Yake

Mume wangu ni fundi wa magari, na tangu siku ya harusi namwita Fundi kama wateja wake wanavyomwita. Kwa miaka arobaini ametengeneza magari ya watu wanaokwenda mbali. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka njia panda ya kituo cha mafuta, pale inapoanzia barabara ya kaskazini. Akimaliza gari hulijaribu mpaka pale, anawasha taa ya kulia, anageuza, anarudi.

Dada yangu wa pekee anaishi huko kaskazini ya mbali, mwendo wa siku nne. Macho yake yanamwisha. Alinipigia simu akasema mlango anauona, rangi ya nguo anaiona, lakini sura za watu zimeanza kumpotea.

"Njoo, mdogo wangu, nikuone kabla hujawa sauti tu."

Nilimtania kwamba sura yangu bado nzuri kuliko yake. Tukacheka. Nilipokata simu, kukaa sikuweza, kusimama sikuweza.

Basi tukapanga kwenda na pikapu yetu. Fundi akachora njia nyuma ya kalenda, pa kulala na pa kujaza mafuta, nami nikafunga mzigo. Tuondoke Jumatatu. Jumapili nikamkuta amefungua kabureta, vipande vimelala juu ya shuka yangu ya maua. Akasema kuna mlio. Mimi na masikio yangu mazima sikuusikia. Jumatatu iliyofuata ikawa breki, ya tatu ikawa rejeta, ya nne mlio ule ule umerudi. Mzigo nikaufunga na kuufungua mpaka zipu ikachoka. Chai hainishuki, nikifagia nafagia palepale mara mbili. Jirani yetu mshona nguo akauliza kama kaskazini kumesogea.

Jumatatu ya tano asubuhi, boneti ilikuwa wazi tena. Sikugomba. Nilivaa viatu vya safari, nikapanda kiti cha mbele, mkoba magotini, nikafunga mlango.

"Mama, bado," akasema.

"Nakusubiri humu humu."

Alizunguka gari, akafuta spana iliyokuwa safi, akaizunguka tena pikapu. Mwisho akaja dirishani.

"Hapa likinizimikia nina gereji. Kule nani atanitengenezea?"

Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akiogopa kitu. Nilitaka kumcheka, nikaona bado ameishika ile spana safi.

"Kule kuna fundi," nikamwambia. "Naenda naye."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye boneti. Alirudishia kila kitu kwa saa mbili nzima, nami sikushuka hata kunywa maji. Tukatoka. Tulipokaribia njia panda, mkono wake ukawasha taa ya kulia, kwa mazoea tu. Gari likapunguza mwendo. Tik, tik, tik.

 Nilikumbatia mkoba wangu, nikawa nahesabu. Ilipofika tik ya tisa, akaizima taa ile.