Oili Iliyochujwa kwa Kitambaa cha Maziwa

Baba yangu aliamini kwamba filta ya oili ni njama ya wenye maduka ya spea. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Alikuwa ameendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya chai tangu ujana wake, na kila nilipofungua mdomo kuhusu injini alinirudisha kwa trekta ile. "Ilikuwa na filta? Haikuwa na filta! Na ililima mpaka mimi nikastaafu." Sasa mtu kama huyo utamjibu nini?

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Kimulot. Nilikuwa nimeacha ndoa na kurudi nyumbani na watoto wawili, na kwetu mwanamke aliyerudi hakosi kukumbushwa kwamba amerudi. Kilichoniokoa ni pikapu ya baba. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hivyo akanipa niendeshe, nikawa nakusanya maziwa ya majirani kila asubuhi na kuyapeleka kwenye kituo cha kupozea. Mwanzoni watu walicheka, mwanamke na gia wapi na wapi, halafu wakazoea. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na heshima, na vyote vilitegemea gari la mzee.

Ebu sikia alichofanya. Pikapu ilikuwa ya zamani, filta yake ni ya karatasi, inakaa ndani ya bakuli la chuma ubavuni mwa injini. Siku moja ya kumwaga oili nilimkuta ameitoa ile karatasi, ameitupa, na kulifunga bakuli likiwa tupu. Kisha akachukua kitambaa cheupe cha mama cha kuchujia maziwa, akakifunga juu ya ndoo, akaanza kuchuja oili ileile nyeusi ili airudishe ndani. Taratibu kabisa, kama mtu anayewatayarishia wageni mursik, maziwa yetu ya mgando.

"Baba, hiyo haitoshi," nikasema. "Vumbi la chuma linapita kwa kitambaa. Na oili yenyewe imechoka."

"Imechoka? Kwani imelima wapi?" Hata hakuinua kichwa. "Umekunywa chai hapa tangu uzaliwe. Umewahi kukuta unywele wa ng'ombe?"

Nikashikilia kwamba chuma si unywele. Hapo akasimama, akajipangusa mikono, akasema atatafuta dereva asiye na maneno mengi. Nikafyata ulimi.

Mama naye alilalamika wiki nzima. "Nichujie nini sasa, gauni?" Alikifua kitambaa kwa majivu na maji moto, na bado chai yetu ilinuka gereji. Baba aliinywa yote, akaomba kikombe cha pili. Kichwa ngumu, haki ya Mungu!

Miezi michache baadaye injini ilianza kugonga kila nikipanda mlima. Nikaipeleka gereji mjini Litein. Fundi alifungua lile bakuli, akachungulia, akaniuliza, "Dada, filta iko wapi?" Nikamwambia mzee aliitoa. Akasugua oili katikati ya vidole, akaniita juani nione inavyometameta. "Hicho ni chuma cha injini yako. Weka filta na oili mpya leo, pengine itapona. Ukingoja, shauri yako."

Filta ilikuwa pale pale kwenye rafu. Lakini jameni, ningeiweka vipi? Kila Jumapili baada ya kanisa baba alilifungua bakuli lile mwenyewe, kuhakikisha hakuna aliyemwingilia. Niliondoka bila filta. Nilijichukia njia nzima, na bado niliondoka bila filta.

Wiki tatu baadaye, katikati ya mlima, na mitungi ya maziwa imejaa nyuma, kulisikika kishindo kimoja na gari likazima. Injini ilikuwa imenoki, imekwama kabisa. Jua likapanda. Majirani wakaja mmoja mmoja kuchukua mitungi yao, wengine bila hata kunisalimia. Mama mmoja alionja maziwa yake, akakuta yamechacha, akayamwaga yote kando ya barabara huku akinitazama.

Baba alikuja kwa miguu. Akachukua hendeli, akajaribu kuzungusha injini, ikakataa kusonga hata kidogo. Akajaribu tena kwa uzito wake wote. Kisha akaiweka hendeli chini.

"Ilikuwa inagonga?"

"Ilikuwa inagonga."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Fundi aliniambia ni kwa sababu ya filta."

"Wiki tatu!" Sauti ilimpasuka. "Unasikia gari linakufa na unanyamaza? Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa nimechoka kuogopa. "Kwa sababu ungenitoa kwenye usukani, Baba."

Aliinama, akaiokota hendeli. Hakukana.